Tundu Safi Katika Bati Jembamba

Historia ya chuma katika Nachingwea, mkoani Lindi, huandikwa kwa kutaja vitu vizito. Waandishi huanzia mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanza mpango wa kulima karanga Tanganyika ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula uliobaki baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hutaja matrekta yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, vifaru vya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers-Armstrongs ilivigeuza kuwa matrekta na kuyapa jina la Shervick, bandari mpya ya Mtwara, na reli iliyofika Nachingwea mwaka 1949, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Simulizi hiyo ni ya kweli, na ina mvuto wa kila simulizi ya anguko kubwa. Kasoro yake ni kumfanya msomaji aamini kwamba watu wa huku walianza kushughulika na ufundi wa vyuma siku trekta la kwanza liliposhushwa, na kwamba mambo yaliishia pale reli ilipokufa. Mimi naona vingine. Ufundi wa chuma uliodumu Nachingwea na kwa jirani zake wa Ruangwa ni ule wa bati jembamba, na kazi inayoupima ufundi huo kuliko zote ni kutoboa tundu safi kwa panchi na nyundo. Ufundi huo ulitangulia matrekta, kwa sababu bati lenyewe lilitangulia. Ukabaki baada ya matrekta, kwa sababu kwenye bati jembamba panchi ya mkono ndiyo njia sahihi ya kutoboa, iwe umeme upo au haupo.

Tuanze na tundu lenyewe. Msumari ukigongwa juu ya bati haukati chochote. Unasukuma na kuchana. Ncha inazama, bati linavutika hadi linashindwa, kisha linafunguka upande wa chini kwa meno matatu au manne yaliyopinda kwa nje. Kwa juu tundu linaonekana duara, lakini pitisha kidole kwa chini uone. Panchi yenye uso bapa inafanya kazi nyingine kabisa. Ukingo wake wote unalikuta bati kwa wakati mmoja, na kama chini yake kuna kitu kinacholizuia bati lisibonyee kando ya duara, chuma kinakatika kama kinavyokatwa na mkasi, na kipande cha mviringo kinadondoka. Siri kubwa basi iko chini ya bati. Ubao uliolazwa haufai, maana nyuzi zake hubonyea na tundu linatoka na shimo la kisahani kulizunguka. Kinachofaa ni gogo la mti mgumu lililosimamishwa, bati likalazwa juu ya kichwa cha gogo ambapo nyuzi zimesimama wima. Au pande la risasi. Au nati ya chuma ambayo tundu lake limezidi panchi kwa kiasi kidogo sana. Mkoa wa Lindi ni nchi ya mpingo, na fundi wa huku hana sababu ya kulia gogo. Duara huchorwa kwa bikari, katikati hutiwa alama, kisha panchi hugongwa kwanza taratibu ili iache mchoro. Fundi huinua panchi, hutazama kama mchoro umekaa mahali pake, huirudisha, halafu ndipo hupiga pigo moja la nguvu. Mapigo madogo mengi huiyumbisha panchi, na tundu hutoka na kingo mbili. Nguvu inayotakiwa si ndogo: kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, tundu la milimita 6 katika bati laini la unene wa milimita 1 linadai zaidi ya nusu tani ya msukumo. Nyundo huitoa nguvu hiyo kwa kitambo kifupi mno, kifupi kiasi kwamba bati halipati nafasi ya kupinda.

Panchi nayo haiokotwi tu. Kipande cha nondo kinaweza kuchongwa kikafanana nayo, ila baada ya matundu machache uso wake huvimba na ukingo hufa. Panahitajika chuma chenye kaboni ya kutosha: springi ya gari iliyokatika, au tupa iliyoisha meno. Huwekwa motoni mpaka kiwe chekundu, huchongwa kikiwa kimelainika, hurudishwa motoni, kisha hutoswa majini. Hapo kinakuwa kigumu hata kuzidi, na kikigongwa hivyo hivyo kinaweza kupasuka mikononi. Kwa hiyo husuguliwa kikang'aa, halafu hupashwa moto tena polepole huku fundi akitazama rangi zinavyopita juu yake: manjano ya nyasi kavu, hudhurungi, zambarau, mwisho bluu. Panchi inatakiwa isimamishwe kwenye hudhurungi au zambarau. Akichelewa hadi bluu ikapita, arudie kazi. Hakuna kipimajoto katika shughuli hii, na hakihitajiki, kwa kuwa rangi zile hutokea katika nyuzi joto zilezile kwa mtu yeyote na mahali popote. Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu wanaoandika historia ya ufundi wa mkono wana tabia ya kuupita haraka kana kwamba ni nguvu tu. Ndani ya panchi kuna elimu ya madini, ya moto na ya mkato, na elimu hiyo lazima ilitoka mahali.

Jibu la kwanza linalokuja ni kwamba ilitoka kwa wahunzi wa zamani. Kusini-mashariki mwa Tanganyika na kaskazini mwa Msumbiji kuna sifa ya uhunzi inayojulikana. Padri Yohanna Abdallah, Myao wa misheni ya Kianglikana aliyeandika historia ya watu wake katika kitabu kilichochapwa mwaka 1919, anawataja Wachisi, ukoo wa wahunzi waliotembea nchi hadi nchi na majembe yao, na wanahistoria wengine wameliona jambo hilo kuwa mojawapo ya chimbuko la safari za Wayao kuelekea pwani. Ni urithi wa heshima, na ningependa sana kuuunganisha moja kwa moja na fundi wa bati. Ila vyombo vyenyewe vinakataa. Jembe la mhunzi wa zamani lina msuka: mkia wa chuma unaopenya kwenye kichwa cha mpini. Kisu kina msuka. Mshale una msuka. Tundu katika zana hizo limo kwenye mti, nalo hutobolewa kwa kuuchoma mti kwa chuma chenye moto. Tofauti hii yaonekana vizuri ukiweka jembe la namna hiyo karibu na jembe la kiwandani lenye jicho la kupitishia mpini. Mhunzi aliyejua kuyeyusha na kufua chuma hakuwa na haja ya kukitoboa, na sababu yake ni nyepesi: alitengeneza vitu vinene vyenye ncha na makali, na vitu vya namna hiyo hushikamana na mti kwa kuingia ndani yake. Alichomrithisha fundi wa bati ni moto, koleo, fuawe na uzoefu wa kusoma rangi ya chuma motoni. Hakumrithisha tundu.

Tundu liliitwa na bati, na bati lilikuja kupitia Lindi. Mafuta ya taa yaliyouzwa pwani mwanzoni mwa karne ya 20 yalifika katika madebe ya bati ya galoni 4, karibu lita 18, na debe tupu lilikuwa na kazi nyingi kuliko debe lililojaa. Lilibeba maji, likapima mahindi na mtama hata likawa kipimo cha sokoni kinachotumika hadi leo, na likikatwa na kunyooshwa likatoa bati la kutosha kutengeneza taa, kikombe, faneli au mfuniko. Maduka ya Wahindi katika miji ya pwani yalisambaza mafuta na mabati ya kuezekea. Misheni za Wabenedikto, Lukuledi kuanzia mwaka 1895 na Ndanda kuanzia 1906, zilikuja na mabruda waliokuwa mafundi wenye karakana zao na wanafunzi wa ufundi. Kuna ushahidi mwingine ambao hauonekani kwenye vitabu vya ufundi kwa sababu ulikuwa mfukoni. Wajerumani walitoa sarafu ya heller 10 yenye tundu katikati kuanzia mwaka 1908, na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919 ikaendelea na senti moja, ndururu na senti kumi zilizotobolewa hivyo hivyo, hadi shilingi ya Tanzania ilipoingia mwaka 1966. Karibu miaka 40 kabla ya karanga, mkulima wa Ruangwa aliyelipwa kwa nta au ufuta wake alishika mkononi tundu lililokatwa na mashine, duara kamili, lisilo na jino hata moja. Siwezi kudai kwamba sarafu ilimfundisha mtu kutoboa. Nadai tu kwamba tundu safi halikuwa kitu kigeni kilicholetwa na trekta.

Kilichomfunza fundi ni mahitaji ya nyumbani, na hapa ndipo mambo yanapokuwa na utamu, kwa sababu vyombo vya nyumbani havitaki tundu la aina moja. Tazama kibatari. Mfuniko wake hutobolewa tundu moja ambamo mrija mdogo wa bati uliokunjwa hupita ukiwa umebeba utambi. Tundu likiwa na meno au likiwa kubwa kuliko mrija, mvuke wa mafuta hutoka pembeni ya utambi na kushika moto mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo kibatari ni chombo cha senti chache kinachodai usahihi wa hali ya juu kuliko vyote vilivyo jikoni. Jiko la mkaa linasamehe kidogo. Kile kibao cha kati kinachobeba mkaa lazima kipitishe hewa na majivu, na matundu yake yakiwa na kingo zilizochanika hupasukia hapo hapo, maana bati lililopata moto na kupoa mara mia huanza kukatika penye mchaniko. Kwa hiyo tundu safi kwenye jiko ni suala la umri wa jiko. Chekeche la kusafishia ufuta linataka usafi kwa sababu nyingine: tundu lililo dogo kuliko punje hutoa mchanga na kubakiza ufuta, tundu lililo kubwa kuliko punje hupitisha ufuta na kuzuia majani na maganda, lakini tundu lenye meno hukamata punje na kuziba, hata liwe na ukubwa gani. Bati la kuchomea korosho linafurahia tundu lolote. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Juu ya moto mafuta hayo hutoka, hudondoka na kuwaka, na bati lililotobolewa huyapisha yaende zake. Nani atapoteza muda kulitafutia bati hilo panchi, wakati baada ya misimu michache litakuwa limeliwa na moto?

Halafu kuna kikwangulio, kile kipande cha bati cha kukwangulia muhogo au karoti, ambacho kinaupindua mjadala wote. Hapo meno ndiyo chombo chenyewe. Fundi huchukua msumari, huupiga kwa safu kutoka upande wa nyuma, na kila mchaniko unaotokeza upande wa pili ni wembe mdogo. Kikwangulio kilichotobolewa kwa panchi bapa hakikwangui hata tango. Ushahidi huu nauona mzito kuliko hati yoyote ya karakana, kwa sababu fundi yule yule, kwa bati lile lile, ameketi na msumari upande mmoja na panchi upande mwingine, na anachagua. Msumari anaushika kwa kuwa kazi ya siku hiyo inautaka, hata kama panchi iko pembeni yake. Penye uchaguzi wa namna hiyo pana fani iliyokomaa, yenye kujua kwa nini tundu hili liwe hivi na lile liwe vile, hata kama hakuna aliyeiandika.

Sasa turudi kwenye karanga. Tume iliyoongozwa na John Wakefield mwaka 1946 ilipendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na kati ya 80 ya Tanganyika, 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini, yaani ukanda wa Nachingwea. Usimamizi ulianza mikononi mwa United Africa Company, ukahamia mwaka 1948 kwa Overseas Food Corporation. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya London ilitangaza kufuta deni la zaidi ya pauni milioni 36. Katikati ya tarehe hizo kulikuwa na karakana, na pingamizi zito dhidi ya hoja yangu linatoka humo. Mtu atasema: mpango uliajiri maelfu, ukafunza madereva, makanika na wachomeleaji wa Kiafrika, iweje useme haukuacha ufundi? Sisemi haukufunza. Nasema ulifunza ufundi usioweza kusimama bila mpango. Aliyejifunza kutoboa kwa mashine iliyofungwa sakafuni, inayozungushwa na umeme wa jenereta ya dizeli na kulishwa vipekecho kutoka Uingereza, alikuwa na elimu yenye miguu mitatu, na yote ilikatwa pamoja. Kongwa, makao ya kwanza ya mpango, palikwishaonyesha jambo hilo mapema: kabla mwaka wa kwanza haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala chini kwa kukosa vipuri na mafundi. Fundi mzuri wa mashine alikwenda kulikokuwa na mashine, Dar es Salaam, kwenye mashamba ya mkonge, bandarini. Ndivyo inavyotakiwa, hakuna wa kumlaumu. Lakini aliondoka na ufundi wake.

Naukubali mchango mmoja wa mpango bila kusitasita: uliacha chuma. Mapipa ya mafuta ya galoni 44, yaani lita 200 hivi, yenye bati la unene wa karibu milimita 1, ni malighafi ambayo debe la mafuta ya taa haliwezi kuifikia. Pipa moja likipasuliwa na kunyooshwa hutoa majiko, makarai, milango ya ghala. Springi na tupa zilizoisha huzaa panchi na tindo. Kipande cha reli, popote Tanzania kinapopatikana, huishia kuwa fuawe ya fundi bati, kwa kuwa uso wake ni laini na uzito wake unatulia pigo linapoanguka. Na majengo nayo yalirithiwa na waliokuwa na haja nayo. Shamba namba 17 likawa kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, na ni kutoka Nachingwea kwamba kiongozi wao Samora Machel alianza safari ya kurudi nyumbani mwezi Mei mwaka huo. Kila mrithi alichukua alichoweza kukitumia. Mafundi wa bati walichukua mabaki, na wakaweza kuyatumia kwa sababu tayari walijua la kufanya nayo. Kama ufundi ungekuwa umeletwa na mpango, basi mabaki yangebaki kuwa chuma chakavu tu mara wenyewe walipoondoka.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi, na nalisikia likisemwa kwa sauti ya huruma: panchi ni chombo cha mtu aliyekosa drili. Mpe umeme na keekee nzuri, ataitupa. Pingamizi hili linafaa kwa chuma kinene. Kwa bati linaanguka kwa sababu za kiufundi. Kipekecho cha kawaida kimetengenezwa kwa kuamini kwamba ncha yake itakuwa ndani ya chuma, imejishikiza, kabla kingo zake za pembeni hazijaanza kukata duara kamili. Kwenye bati la geji 28 au 30 ncha hutokea upande wa pili mapema mno. Kipekecho kinakosa mwongozo, kinayumba, na tundu linatoka na pembe tatu. Hatari zaidi, mara nyingi kinalishika bati na kulizungusha, na bati linalozunguka ni kisu. Ndiyo maana viwanda vyenye umeme wa kila aina, duniani kote, havitoboi bati jembamba kwa kipekecho vinapotaka matundu mengi. Vinatumia mashine ya kupiga panchi juu ya kinu chake. Fundi wa Nachingwea mwenye nyundo, panchi na nati anafanya kwa mkono kile kile kinachofanywa na mashine hiyo, kwa kanuni ile ile ya mkato. Tofauti iko kwenye idadi ya matundu kwa saa. Gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuzalisha umeme wa kusini miaka ya 2000, vijiji na miji ikaanza kupata grenda na mashine za kuchomelea, kazi nyingi zilibadilika kweli. Mageti na madirisha ya nondo yalihamia kwa wachomeleaji. Tundu la bati halikuhama.

Jaribio la karanga lilirudiwa, safari hii kwa korosho na kwa bendera ya Tanzania huru, na matokeo yake yanaithibitisha hoja kuliko ningeweza kuomba. Mazao ya korosho ya nchi yalifikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, nyingi kutoka Mtwara na Lindi. Serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vya kubangua, kimojawapo Nachingwea, kwa mitambo ya Italia na Japani. Ndani ya kiwanda cha korosho tundu safi ni mtaji: korosho huchambuliwa kwa ukubwa katika mapipa yanayozunguka yenye matundu yaliyopimwa, ili kila kundi lichomwe na kupasuliwa kwa kipimo chake. Lakini uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa uliwatenga wakulima na mikorosho yao, bei haikuwavutia, ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea, na kufikia 1986/87 mavuno ya nchi yalikuwa yameshuka hadi tani 16,000 na kidogo. Viwanda vikakosa korosho. Yale matundu yaliyopimwa kwa sehemu za milimita yakasimama kimya, huku kwenye nyua za nyumba korosho zikiendelea kuchomwa juu ya mabati yaliyotobolewa kwa msumari na kubanguliwa kwa mkono. Serikali yenyewe ilikuwa imeona upande mwingine wa mambo: SIDO, shirika la viwanda vidogo, liliundwa mwaka 1973, wakati ule ule wa viwanda vikubwa, likiwa na jukumu la kuwainua mafundi wa aina hii. Inasikitisha kwamba sekta hizo mbili ziliendeshwa kama ndugu wasiosalimiana. Chekeche la kuchambulia korosho kwa ukubwa lingeweza kutobolewa na mafundi wa papo hapo, kwa kipimo chochote, kama kungekuwa na mtu wa kuwauliza.

Yupo atakayesema kwamba naitetea fani inayokufa. Vibatari vimekaribia kutoweka mbele ya tochi na taa za sola, na si vibaya; hakuna anayeutamani moshi wake. Ndoo na faneli ni za plastiki. Hata bati la kuezekea limezidi kuwa jembamba, geji 32 kwenye nyumba nyingi, likiacha kipande kisichostahimili kazi ya jiko. Haya ni kweli, lakini yanapunguza orodha ya vyombo tu. Ruangwa, iliyotengwa na Nachingwea kuwa wilaya mwaka 1995, imepata shughuli ambazo babu wa wakazi wake hawakuzijua. Namungo, kijiji kilichoipa jina timu ya mpira iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, ni nchi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kazi ya dhahabu ni kazi ya kusaga na kuchekecha. Madini ya kinywe yamewaleta wawekezaji wilayani. Ufuta umekuwa zao la fedha linalopimwa kwa usafi wake mnadani. Kila shughuli kati ya hizo inauliza swali lile lile lililoulizwa na debe: tundu liwe na ukubwa gani, na kingo zake ziwe za namna gani?

Mpaka wa panchi ya mkono upo, na fundi anaujua bila kuambiwa. Kanuni ya warshani ni kwamba kipenyo cha tundu kisipungue unene wa bati, maana panchi nyembamba kuliko kile inachokikata hupinda au huvunjika kabla ya chuma kukatika. Kwa nyundo ya mkononi mpaka huo huja mapema zaidi: bati la pipa linatobolewa bila shida, la milimita 2 linaanza kugoma, na la milimita 3 linapelekwa kwa mwenye drili au mwenye mtungi wa gesi. Karanga na korosho za viwandani zilifanya kazi na vyuma vilivyo upande wa pili wa mpaka huo, ndiyo sababu zilihitaji umeme, vipuri na reli ili ziweze hata kuanza. Vyombo vya jikoni, ghalani na machimboni vimebaki upande huu, kati ya theluthi moja ya milimita na milimita moja na nusu, na mapipa bado yanaingia Nachingwea na Ruangwa kwa malori kila wiki yakiwa yamejaa mafuta.